Maili Elfu Nne, Kisha Hamsini

Barua ya kumwita mdogo wangu Uingereza ilipofika, baba yetu hakuuliza atakula nini huko, wala atakaa na nani. Aliuliza jambo moja tu.

"Ni mwendo gani?"

Tulikuwa tumekaa barazani kwa wazazi wetu, Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma: baba, mama, mdogo wangu na mimi. Nilikuwa nimeisoma barua mara mbili, kwanza kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha kwa lugha ya nyumbani. Ilisema kwamba mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshafanya kazi ya uuguzi miaka minne katika hospitali ya misheni, amepata nafasi ya kusomea ukunga London kwa miaka mitatu. Nauli ingelipwa na hao waliomchagua. Angepanda ndege Nairobi.

"Ni mbali, baba," nilimjibu.

"Mbali si jibu. Hata Kitale ni mbali kwa mwenye kidonda mguuni. Nauliza ni maili ngapi."

Sikujua. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye cheti, na sikujua. Mdogo wangu alinitazama, nami nikatazama kuku.

Baba alikuwa na sababu ya kuuliza hivyo. Ujana wake aliumaliza akishika mnyororo. Baada ya vita vya kwanza, wakati nchi ya Trans-Nzoia ilipokuwa ikikatwa mashamba ya walowezi, yeye na vijana wengine wa upande wetu walichukuliwa kazi na savea mmoja. Walipewa mnyororo wa chuma wa futi sitini na sita na vijiti vya chuma vya kuchomeka ardhini, wakatumwa kupima kutoka kilima hadi mto, kutoka mto hadi kilima kingine. Minyororo themanini ilikuwa maili moja. Nambari hiyo haikumtoka kichwani maisha yake yote. Hakuweza kutembea bila kuhesabu. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni kwetu mpaka kisimani, na ni ngapi mpaka kanisani, na mama alipochelewa kurudi sokoni alijua kwa hatua amepita wapi kuzungumza.

Lakini katika mabonde aliyoyapima yalikuwamo yale ambayo babu yake alikuwa akilishia ng'ombe. Baba hakupenda kulizungumza jambo hilo. Nilimsikia mara moja tu, nikiwa mdogo, akimwambia mama, "Kitu kikishapimwa na Mzungu, hukioni tena." Na sasa Mzungu alikuwa amemwandikia binti yake barua.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa. Nafasi ile mdogo wangu hakuitafuta. Niliitafuta mimi. Niliona tangazo gazetini, nikaandika barua ya maombi kwa mkono wangu mwenyewe, naye akatia sahihi tu huku akicheka, akisema hao hawatajibu. Wakajibu.

"Mimi sikatai," baba alisema alipoinuka. "Lakini siwezi kumtoa mtoto kwa safari ambayo hakuna mtu hapa anayejua urefu wake. Nitafutieni."

Nilikuwa nimeolewa Kitale, na nyumba yetu ilikuwa Kibomet. Mume wangu alikuwa seremala, mimi nikifundisha katika shule iliyokuwa karibu. Wiki mbili baada ya kikao kile, baba alitokea shuleni bila taarifa, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi la basi. Alikuwa amechoka kungojea jibu langu.

"Mayi," aliniita, maana nilipewa jina la mama yake, na watu wa kwetu humwita binti wa namna hiyo 'mama', "si ulisema shuleni kwenu kuna dunia ya mviringo?"

Ilikuwapo kweli. Shule moja ya Wazungu ilikuwa imetupa tufe la dunia, sisi tukaliokota. Kiguu chake kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo tulilikalisha juu ya bakuli. Baba alilizungusha taratibu. Alinitaka nimwonyeshe Nairobi, nikamwonyesha. Alinitaka nimwonyeshe London, nikamwonyesha. Akaona kwamba vidole vyangu viwili vimefika pote pawili bila taabu, akanuna.

"Hii inadanganya," alisema. "Zungushia kamba."

Alitoa kamba nyembamba mfukoni. Alikuwa ameibeba kutoka Mabanga. Tuliivuta ikakaza kutoka Nairobi hadi London, tukaikata hapo. Kisha nikamwambia kitu nilichokijua kwa hakika, kwamba kuizunguka dunia nzima katikati ni kama maili elfu ishirini na tano. Baba akaanza kuizungusha ile kamba tumboni mwa tufe, akiweka alama kwa ukucha kila ilipoishia, midomo ikihesabu kimya. Ilienda mara tano, ya sita ikazidi kidogo sana.

Niligawanya ubaoni. Tulipata zaidi kidogo ya maili elfu nne, tukasema elfu nne na mia mbili.

"Sasa zidisha kwa themanini," baba alisema.

Nilizidisha. Minyororo laki tatu na thelathini na sita elfu. Baba alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Aliisoma ile nambari tarakimu kwa tarakimu.

"Sisi watu sita," alisema mwishowe, "tukianza alfajiri, penye nyasi fupi, tulikuwa tunafanya maili nne au tano kwa siku. Ni nani alishika mnyororo mpaka huko?"

Nilimpeleka kwa mtu aliyekuwa na jibu.

Kiwanja cha ndege cha Kitale kilikuwa uwanja wa nyasi, wenye kibanda cha mabati na soksi kubwa ya kitambaa juu ya mti kuonyesha upepo unavuma wapi. Walowezi wenye fedha walishuka hapo na vindege vyao vya watu wawili au wanne. Fundi aliyevitunza alikuwa mtu wa kwetu. Wakati wa vita vya pili alipelekwa Misri, akafanya kazi ya kujaza petroli na kufungua injini, na alipewa heshima kubwa mjini kwa sababu aliwahi kuruka angani, tena mara nyingi. Mume wangu alikuwa amemtengenezea kitanda. Kwa njia hiyo tulijuana.

Alikuwa chini ya ndege, miguu tu ikionekana. Alitoka akifuta mikono kwa tambara.

"Mulembe, mzee," alisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe. Nimekuja kukuuliza habari za ndege ya London."

Fundi hakucheka, nami nampenda mpaka leo kwa hilo. Alituingiza kibandani, ambako kulikuwa na ramani kubwa ukutani, akaweka kidole chake chenye mafuta juu ya Nairobi.

"Mtoto wako ataondoka hapa. Watashuka Entebbe. Wataenda Khartoum. Halafu Kairo, halafu Roma, halafu London."

"Mbona wanazunguka?"

"Ndege inakunywa petroli kama ng'ombe, mzee. Lazima ishuke inywe. Hiyo kamba yako inapita moja kwa moja, hata mahali ambapo hakuna mtu wa kukupa petroli. Kwa hiyo ongeza kidogo. Sema elfu nne na mia sita."

"Na hizo maili, mlizipimaje? Kuna milima hapo katikati. Kuna maziwa. Kuna jangwa. Nani alipita na mnyororo?"

Fundi alijikuna shingo. Akaanza kueleza habari za nyota na jua na hesabu za mabaharia, nikaona uso wa baba unafungwa. Ndipo fundi akaacha hayo, akauliza, "Mzee, wewe ulipokuwa unapima kwenye mteremko, mnyororo mlikuwa mnaulaza chini?"

Baba akainua kichwa. "Ulazwe chini? Hapana! Ukiulaza kwenye mteremko umeiba. Unashikwa sawasawa, wa juu anauweka miguuni, wa chini anauinua mpaka kifuani, mpaka juu ya kichwa ikibidi. Kilima hakihesabiwi. Kinachohesabiwa ni upana wa nchi."

"Basi ndege ndiyo hiyo," fundi alisema. "Inapita pale mnyororo unaposhikwa."

Nilimwona baba akielewa. Niseme kweli, nami nilikuwa naelewa wakati uleule, mimi niliyefundisha hesabu miaka mitano. Alitoka nje ya kibanda akasimama kwenye nyasi akitazama juu, akanyoosha mkono mbele ya kifua chake, kiganja chini, kama mtu anayeshika kitu kisipinde.

"Inachukua muda gani?" aliuliza.

"Siku moja na sehemu ya pili, pamoja na kushuka kwake. Akiondoka Jumatatu asubuhi, Jumanne atakuwa kule."

Baba alirudi Mabanga kwa basi la mchana. Alimweleza mama kwa namna yake: Kitale mpaka Bungoma kwa barabara ni maili hamsini, basi London ni kama kwenda Kitale na kurudi mara arobaini na sita. Mama akasema yeye akienda na kurudi mara moja tu miguu inavimba siku tatu. Lakini baba alikuwa ameshakubali. Aliweka sharti moja. Alisema katika kazi ya mnyororo kuna mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Wa mbele akishachomeka kijiti chake hupaza sauti, na wa nyuma haondoki aliposimama kabla hajaisikia. Kwa hiyo mdogo wangu akikanyaga tu London, alete telegramu.

Ilikubaliwa kwamba telegramu itumwe Bungoma, kwa sanduku la posta la mwenye duka mmoja Mhindi aliyekuwa akinunua mahindi ya baba. Niliiandika anwani hiyo kwenye kikaratasi, nikakishonea ndani ya mfuko wa koti la mdogo wangu.

Aliondoka mwezi wa nne, mvua zimeanza. Tulimsindikiza stesheni ya Bungoma kupanda treni ya Nairobi. Alivaa viatu vipya vilivyombana, akakataa kuvivua. Mama alimpa mayai ya kuchemsha kumi na mawili, akamwambia asiyale yote kabla ya kuingia kwenye ndege kwa sababu huenda huko juu hakuna kitu. Treni ilipoanza kusogea mdogo wangu alitoa kichwa dirishani akasema kitu ambacho sikukisikia. Nimemuuliza baadaye mara nyingi alisema nini. Naye hakumbuki.

Shule zilikuwa zimefungwa, basi sikurudi Kitale. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya wiki moja ya kupaua ghala kwenye shamba moja la mlowezi upande wa Endebess, na nyumba yetu ya Kibomet ilikuwa imefungwa. Nilibaki na wazazi nisubiri nao.

Jumatatu, siku ya ndege, mama hakufanya kazi. Nilikuwa nimemweleza kwamba ndege hiyo itapita mbali kusini, juu ya ziwa, hataiona. Alisema ameelewa. Lakini mnamo saa tano tulisikia mngurumo, mama akatoka mbio jikoni na leso yake, akasimama katikati ya shamba la mahindi machanga akaipunga kwa mikono yote miwili mpaka mngurumo ukaisha. Kilikuwa kindege kidogo, chenye watu wawili, kimoja cha vile vilivyokuwa vikipuliza dawa ya nzige. Sikumwambia.

Jumatano asubuhi baba na mimi tulikwenda mjini. Mhindi alifungua sanduku lake mbele yetu. Hakuna. Alhamisi tulikwenda tena, asubuhi na alasiri. Karani wa posta akawa anatuona kutoka mbali, anatikisa kichwa kabla hatujafika dirishani. Njiani midomo ya baba ilikuwa ikicheza. Nilijua anahesabu hatua, na nilijua hesabu hiyo haimsaidii.

Ijumaa jirani alikuja akiwa ametoka soko la Bumula. Alikaa, akanywa chai, akazungumza habari za bei ya ng'ombe, kisha akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha, "Ati kuna ndege imeanguka. Redio imesema."

Kikombe cha mama hakikuvunjika. Alikiweka chini vizuri kabisa, akaingia ndani.

"Ndege gani?" nilimuuliza.

"Sijui, bana. Nimesikia watu wakisema. Kuna fundi cherehani pale Bumula ana redio."

Baada ya hapo nilijiona mwenyewe na kalamu yangu, nikiandika ile barua ya maombi kwa mwandiko wa kupendeza. Nilikumbuka jinsi nilivyolitafuta neno zuri la Kiingereza la kusema kwamba dada yangu ni mtu wa bidii. Nilikumbuka nilivyofurahi nilipolipata. Hakuna aliyenilaumu nyumbani mle. Baba hakunilaumu, mama hakunilaumu, na hilo lilinifanya nishindwe kula.

Jumamosi baba na mimi tulitembea hadi Bumula katika matope. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma nikikanyaga alama za viatu vyake. Tulimkuta fundi cherehani akiwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka, redio juu ya kabati nyuma yake, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa kama mtoto aliyelala.

Baba alimsalimu, akakaa, akasema, "Tumeambiwa wewe ulisikia habari ya ndege."

"Ndiyo, mzee. Imeanguka."

Nilishika nguzo ya kibaraza.

"Imeanguka wapi?"

"Huku huku kwetu. Ile ndege ya nzige. Injini ilizima, ikatua kwa shamba la mtu. Iliharibu mahindi, huyo mwenye shamba amekasirika sana. Hao Wazungu wawili walitoka wakajipangusa."

"Na ya London?" nilisema. "Ya kutoka Nairobi? Jumatatu?"

Alinitazama, kisha akamtazama baba, na nadhani hapo alielewa. Aliacha kushona.

"Mama, mimi nasikiliza hii redio asubuhi, mchana na jioni. Kama ndege kubwa hivyo ingeanguka, wangesema siku nzima. Hawajasema kitu. Kaeni, habari za saa saba zinakaribia, msikie wenyewe."

Tulikaa. Alituletea mahindi ya kuchoma. Habari zikasomwa kwa Kiswahili, za bei ya pamba, za gavana kufungua daraja, za mvua. Ndege haikutajwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho kabisa, mpaka muziki ulipoanza, kisha akamshukuru fundi na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

Tuliporudi tulikuwa tumepata nusu ya nafuu. Ndege haikuanguka, sawa. Lakini mtu yuko wapi? Mama alipewa habari hiyo akasema, "Mungu asifiwe," na hapohapo akauliza, "Sasa mbona haandiki?"

Jumapili tulikwenda kanisani, tukarudi. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, maji yamesimama kila mahali kwenye ua. Nilikuwa nachambua kunde nilipomwona mtu anasukuma baiskeli kwenye njia ya kwetu. Aliisukuma kwa sababu magurudumu yalikuwa yamejaa udongo na hayakuzunguka. Mtu mwenyewe alikuwa wa rangi moja na baiskeli. Alipofika kwenye uzio nilimtambua kwa mwendo wake. Alikuwa mume wangu.

Nilisimama. Kunde zikamwagika. Alipaza sauti kabla hajafika, labda kwa sababu aliona uso wangu.

"Amefika! Amefika tangu Jumanne!"

Alitia mkono ndani ya shati lake, kifuani, akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya kipande cha turubai.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mdogo wangu alipeleka telegramu Jumatano asubuhi. Siku hiyohiyo ilikuwa imeshafika, lakini si Bungoma. Aliipeleka Kitale, shuleni kwangu. Shule imefungwa, mwalimu hayupo, mjumbe wa posta akampa mlinzi wa shule. Mlinzi hakujua kusoma, lakini alijua kwamba karatasi ya posta ni kitu cha heshima, akaiweka mfukoni mwa koti lake zito asiipoteze, na akakaa nayo siku tatu akiningojea. Jumamosi alasiri mume wangu alirudi kutoka Endebess, mlinzi akamwona anapita na msumeno wake. "Fundi, mwalimu atarudi lini? Nina kitu chake hapa."

Posta ilikuwa imeshafungwa mpaka Jumatatu. Mabasi hayakuwa yakienda, barabara ilikuwa imekufa, malori mawili yamezama ndani ya matope nje kidogo ya Kitale. Mume wangu aliifungua, akaisoma, akafikiri kidogo tu. Jumapili kabla jua halijachomoza alipanda baiskeli. Alianguka mara nne. Penye mto mmoja ambao daraja lake lilikuwa limefunikwa na maji alivuka na baiskeli kichwani. Habari iliyopita juu ya milima na jangwa na bahari kwa muda usiofika siku, ilikaa Kitale siku tatu, ikaja maili hamsini za mwisho kwa miguu ya seremala.

Nilitoa karatasi ndani ya bahasha. Yalikuwa maneno machache ya Kiingereza: amefika salama Jumanne, baridi ni kali, viatu vimemuumiza. Nilisoma kwa sauti, nikatafsiri, nikasoma tena. Baba aliichukua karatasi mkononi mwangu, ingawa hakujua Kiingereza, akaitazama mistari yote mpaka chini.

Ndipo mama akatoka ndani ya nyumba. Sina budi kueleza kwamba kwa desturi yetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono. Hawakai karibu, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huenda pembeni. Miaka sita ya ndoa yangu mama yangu na mume wangu walikuwa wamesalimiana kutoka mbali, macho chini. Siku hiyo mama alivuka ua, akapita ndani ya dimbwi, akaishika mikono ya mume wangu yote miwili pamoja na matope yake, akaitikisa, akasema, "Mwanangu, mwanangu, mwanangu."

Mume wangu alisimama kama kigingi. Alinitazama mimi kwa macho ya mtu anayezama. Kisha mama akatambua alichokifanya, akaiachia mikono ile kama iliyomchoma, akafunika mdomo kwa leso. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti, machozi yakimtoka, na baba, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu barua ya kwanza ilipokuja, akacheka naye, akisema, "Mke wangu, sasa kuku atachinjwa, na ni kuku wako." Alichinjwa jogoo kweli jioni hiyo, ili jambo liwekwe sawa, na mume wangu akapewa kula peke yake upande wa pili wa nyumba, kama inavyotakiwa. Nilimpelekea maji ya moto. Alikuwa amelala ameketi, kipande cha nyama mkononi.

Mimi nililala saa mbili usiku, bila hata kula, na niliamka kesho yake jua likiwa limepanda. Sikuwa nimelala hivyo tangu Ijumaa. Nilisikia baba nje akimweleza jirani yetu, yule wa soko la Bumula, kwa sauti ya upole isiyo na lawama hata kidogo, kwamba kabla ya kuleta habari nyumbani kwa mtu ni vizuri kwanza kuifuata mpaka mwanzo wake. Jirani alikuwa akisema, "Kweli, mzee. Kweli."

Barua ndefu ya mdogo wangu ilifika wiki tatu baadaye. Alieleza kwamba pale kaunta ya telegramu, London, kulikuwa na foleni nyuma yake na karani mwenye haraka. Kikaratasi changu kilikuwa kimeshonwa ndani ya koti, na koti alikuwa amelivaa chini ya jingine aliloazimwa kwa ajili ya baridi. Karani akauliza anwani. Kichwani mwake ikaja moja tu, ile aliyoiandika kwenye bahasha kila mwezi kwa miaka minne, ya dada yake. "Nilidhani popote ulipo wewe, na wao wapo," aliandika. Nilipoyasoma maneno hayo nilitoka nje kidogo nikavute hewa.

Alikaa miaka mitatu kama ilivyopangwa, akarudi mkunga, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hapohapo Bungoma. Alirudi kwa ndege pia. Safari hiyo mama alikataa katakata kuambiwa siku ya kuruka. Alisema aambiwe tu mtoto akishakuwa mlangoni, basi tukafanya hivyo, na mama alimkuta mdogo wangu amekaa jikoni anamenya viazi, amenenepa, anauliza chumvi iko wapi.